Harufu ya kabati jipya la MDF: ni kweli inagusa jeni za mapafu?

NjiwaWaZimma (mleta uzi)
Wadau, hamjambo. Nina swali na ninataka jibu la kweli, si la kunituliza moyo.

Mwezi wa sita nilinunua kabati la nguo la MDF, milango mitatu. Chumba changu ni bedsita, futi kumi kwa kumi na mbili, dirisha moja. Tangu siku ile, ukiingia kutoka nje harufu inakupiga usoni, kali, inawasha pua. Nguo zimeishika. Hata shuka zinanuka. Binti yangu ana miezi kumi na minne na analala hatua moja kutoka kwenye hilo kabati. Wiki ya pili alianza kukohoa usiku, kikohozi kikavu kisicho na homa. Mchana tukiwa nje, hakohoi.

Binamu yangu anayesoma mambo ya maabara alitutembelea Jumapili. Alifungua mlango wa kabati, akaufunga upesi. Akasema hiyo ni fomaldehaidi inayotoka kwenye gundi ya bodi, na kwamba kuna utafiti ulioonyesha inabadilisha jeni za mapafu. Hilo neno jeni ndilo limeninyima usingizi. Kikohozi najua kinapona. Jeni zikishaguswa, zinarudi?

BazuWaPipeline
Mabinamu wa Jumapili wanamaliza chapati halafu wanatuachia presha. Pole mama mtoto. Nimekaa hapa nangoja wenye kujua.

RandaNaMsasa
Mimi ni fundi, miaka 17 kwenye bodi, nilianzia kando ya Ngong Road. Harufu hiyo naijua kuliko sauti ya mke wangu.

MDF ni unga wa mbao uliokandamizwa kwa joto na gundi ya yurea na fomaldehaidi. Gundi hiyo haitulii yote. Inaendelea kuachia gesi miezi, na chumba kikiwa na joto au unyevu ndiyo inazidi. Bodi ya bei ya chini ukiipitisha kwenye msumeno macho yanawaka kama umekata vitunguu vya gunia zima. Bodi nzuri hailizi hivyo. Tafuta alama ya E1: maana yake imepimwa na haipandishi hewa ya chumba cha kupimia zaidi ya sehemu 0.1 kwa milioni.

Sasa kitu ambacho wateja hawaangalii. Mbele bodi imevalishwa melamini, hapo gesi haipiti sana. Inapotokea ni kwenye kingo zilizokatwa zikaachwa wazi, matundu ya skrubu, na bodi ya mgongoni. Fundi akitaka kubana gharama anaacha hizo uchi kwa sababu zinatazama ukuta. Vuta kabati mbele, pitisha kidole ukingoni. Ukihisi ukwaruzo kama wa mkate mkavu, hapo hapajafungwa.

MaabaraNdogo
Dada Njiwa, binamu yako hakudanganya, ila ameruka hatua moja na hatua hiyo ndiyo muhimu.

Kubadilisha jeni na kubadilisha jinsi jeni inavyofanya kazi ni vitu viwili. Jeni inatoa nakala, nakala inageuzwa protini, na protini ndiyo inayofanya kazi mwilini. Katikati kuna vipande vifupi sana vinavyoitwa maikroRNA. Fikiria stejini. Matatu imejaa, injini inanguruma, lakini kuna mtu ameshika mlango: gari haliondoki mpaka aachilie. MaikroRNA inashika nakala namna hiyo, isigeuzwe protini ovyo.

Utafiti anaousema nadhani ni wa mwaka 2011, wa Chuo Kikuu cha North Carolina huko Marekani. Walichukua seli za mapafu ya binadamu, wakazipitishia fomaldehaidi ya sehemu 1 kwa milioni kwa saa 4. MaikroRNA 89 zikapungua. Hakuna gari lililovunjwa, ila watu 89 wa stejini wamepunguzwa kwa mpigo na magari yanatoka yenyewe. Seli zikaongeza kutoa kemikali iitwayo IL-8, ile inayoita askari wa kinga waje, na ndiyo chanzo cha mwasho na uvimbe kwenye njia ya hewa.

Herufi za DNA, yaani maandishi ya jeni zenyewe, hazikuguswa katika jaribio hilo. Kilichoguswa ni ratiba.

BazuWaPipeline
Mtu wa stejini amepata heshima leo. Endelea mwalimu.

HesabuKwanza
MaabaraNdogo, umeeleza vizuri lakini mama wa watu asilale na nusu ya habari. Nina mambo matatu.

Seli zile zinaitwa A549. Zilitoka kwenye uvimbe wa saratani ya mapafu mwaka 1972 na zimekuzwa maabara tangu wakati huo. Hazikuwa seli za mtoto mzima wa afya.

Kiwango chao kilikuwa sehemu 1 kwa milioni. Shirika la Afya Duniani linasema ndani ya nyumba isizidi mikrogramu 100 kwa mita ya ujazo katika dakika 30 zozote, ambayo ni kama sehemu 0.08 kwa milioni. Kwa hiyo walitumia zaidi ya mara kumi.

La tatu ndilo kubwa. Seli zilikaa uchi mbele ya gesi. Mtu ana pua, ana kamasi, ana koo. Fomaldehaidi inayeyuka kwenye maji upesi mno, kwa hiyo sehemu kubwa inakwama puani kabla ya kufika mapafuni. Panya waliovutishwa kiwango kikubwa, sehemu 14 hivi kwa milioni, walipata saratani ya pua. Ya pua, si ya mapafu.

MaabaraNdogo
Hoja zako zote nazipokea. Naongeza tu kwamba kundi hilohilo la watafiti lilirudi likajaribu kwa nyani, wakatazama seli za puani. Kwa sehemu 2 na kwa sehemu 6 kwa milioni, maikroRNA zilibadilika, na kwa 6 zilibadilika nyingi zaidi. Hao walikuwa na pua na kamasi zao. Kwa hiyo wazo halikuishia kwenye sahani ya maabara, ingawa ni kweli mahali palipoguswa ni pua.

Na kumbuka mtoto mwenye mafua anapumua kwa mdomo. Kamasi unayoitegemea inarukwa.

KaroWaSaluni
Nimesoma mpaka hapa nikaweka simu chini, nikashika kifua.

Mimi ni mtu wa nywele, Githurai. Kuna ile dawa ya kunyoosha inayopakwa halafu unapitisha pasi ya moto. Moshi unapopanda hauoni mteja. Tulikuwa tunafunga mlango mvuke usitoke, tukidhani ndiyo dawa inashika vizuri. Siku moja nilifanya vichwa vitatu mfululizo, jioni sauti ikakatika kabisa, siku mbili naongea kwa ishara. Chupa ilikuwa imeandikwa haina fomalini.

HesabuKwanza
KaroWaSaluni, pole sana. Serikali ya Marekani ilitoa onyo mwaka 2011 kuhusu dawa za aina hiyo, na baadhi ya zilizoandikwa hazina zilikutwa nazo. Wengine wanaandika "methilini glaikoli". Ni fomaldehaidi iliyoyeyushwa majini, na pasi ya moto inaifanya itoke tena kama gesi. Kama bado unaifanya, mlango uwe wazi na feni ivute hewa kwenda nje.

KaroWaSaluni
Niliacha. Wateja wengine walinihama, acha wahame.

NiliachaUdaktari
Nilisoma udaktari miaka miwili kabla ada haijatushinda. Darasa la kupasua miili, wiki ya kwanza wote tunalia machozi na si kwa huzuni, ni fomalini. Fomalini ni fomaldehaidi ndani ya maji. Wiki ya nne huisikii tena. Hilo ndilo nataka Njiwa alishike: ukiacha kusikia harufu haina maana imeisha. Pua imezoea.

Wanaotayarisha maiti huko Marekani walifuatiliwa, na ripoti ya mwaka 2009 ikaonyesha waliofanya kazi hiyo miaka mingi zaidi walikufa zaidi kwa aina fulani ya saratani ya damu. Damu, si mapafu wala pua. Gesi inayokwama puani inafikaje kwenye uboho? Nani anajua?

HesabuKwanza
Hapo umefika kwenye ugomvi wenyewe. Kuna watafiti waliovutisha nyani fomaldehaidi yenye kaboni nzito, ili waitofautishe na ile ambayo mwili unajitengenezea. Maana kila mmoja wetu ana fomaldehaidi kwenye damu sasa hivi, inatokana na kazi za kawaida za seli. Walichokuta: ile ya kuvuta ilijishika kwenye DNA ya puani, lakini kwenye uboho hawakuiona. Waliiona tu ile ya mwili wenyewe. Hii nayo ni 2011 na ni North Carolina hiyohiyo. Chuo kimoja, mwaka mmoja, majibu yanaangaliana.

MaabaraNdogo
Yanaangaliana lakini hayapigani. Pua iliyochokozwa inaweza kumwaga kemikali za kuita kinga, na hizo zinasafiri na damu hata kama gesi yenyewe haisafiri. Ni kama moto ulio Gikomba na moshi wake unaonekana mjini. Hiyo ni dhana moja. Dhana nyingine ni kwamba seli za damu zinapita puani zinaguswa hapohapo halafu zinarudi kwenye mzunguko. Hakuna iliyoshinda.

Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lenyewe limeiweka fomaldehaidi kwenye kundi la kwanza, yaani inasababisha saratani kwa binadamu. Uamuzi huo walianza kuufikia mwaka 2004.

GuniaLaMakaa
Mimi naona mnapigana na kivuli cha kabati huku moshi umekaa sebuleni. Nauza makaa Kawangware, najua nauza nini, na nasema kwa uchungu. Julai hii nyumba ngapi zimeingiza jiko ndani usiku kuota moto na dirisha limefungwa? Huko Xuanwei, China, wanawake ambao hawajawahi kushika sigara walipata saratani ya mapafu kwa wingi wa kutisha kwa ajili ya kupikia makaa ndani. Na hao jeni zao ziliharibiwa kwelikweli, si mambo ya stejini.

MaabaraNdogo
Ni kweli, na huo ndio mfano bora wa jeni kuguswa herufi kwa herufi. Moshi ule una kemikali inayoitwa benzopairini. Seli inapojaribu kuisafisha inaigeuza bila kukusudia kuwa kitu kinachong'ang'ania DNA, na mahali palipokuwa na herufi G panasomwa T. Kwenye uvimbe wa wale wanawake walikuta makosa ya namna hiyo ndani ya TP53, jeni inayozuia seli isigawanyike ovyo. Waliojengewa majiko yenye dohani, saratani ya mapafu ilipungua kwa zaidi ya asilimia 40 baadaye.

HesabuKwanza
Marekebisho, GuniaLaMakaa. Xuanwei walikuwa wanachoma makaa ya mawe, yale ya kuchimbwa ardhini, yenye moshi mzito. Yako ni makaa ya miti. Makaa ya mawe ndani ya nyumba yamewekwa kundi la kwanza la saratani. Moshi wa kuni na wa mimea umewekwa kwenye kundi la "pengine". Tusichanganye magunia.

GuniaLaMakaa
Marekebisho nimeyapokea. Lakini gesi ya makaa ya miti imeua majirani wawili ploti ya nyuma ya kwetu, mume na mke, jiko liko kando ya kitanda. Hao hawakusubiri saratani.

NesiZamuYaUsiku
GuniaLaMakaa, poleni. Hiyo ni monoksidi ya kaboni, haina harufu wala rangi, inachukua nafasi ya oksijeni kwenye damu na mtu analala moja kwa moja. Jiko la makaa lisilale ndani hata kama limefifia na kuwa majivu juu. Ndani bado linawaka.

Sasa Njiwa. Kikohozi kikavu cha usiku kwa mtoto wa umri huo kinaweza kuwa njia ya hewa imekuwa nyepesi kuwashwa. Inaweza kuwa bodi, vumbi, baridi, mende hata. Usikae kusoma uzi mpaka asubuhi, mpeleke asikilizwe kifua. Ukiona mbavu zinavutwa ndani anapopumua, au anashindwa kunyonya, usingoje kupambazuke. Na nijibu mambo mawili: unapikia nini, na unawasha nini usiku?

NjiwaWaZimma
Asanteni nyote, nimesoma kila neno. Nesi, napikia meko ya gesi, jiko la makaa sina. Usiku nawasha dawa ya mbu ile ya kuzunguka, kwa sababu tuko karibu na mto na mbu wa huku hawana huruma. Naiweka chini ya dirisha. Dirisha nafunga kwa ajili ya baridi.

NesiZamuYaUsiku
Hapo ndipo nilipokuwa naelekea.

HesabuKwanza
Dawa ya mbu ya kuzunguka ilipimwa, matokeo yakatoka mwaka 2003. Koili moja inaweza kutoa vumbi laini sawa na sigara 75 hadi 137, na fomaldehaidi yake inaweza kufika sawa na sigara 51. Njiwa, una chemchemi mbili za gesi moja chumbani: moja mgongoni mwa kabati, nyingine chini ya dirisha.

NjiwaWaZimma
Sigara 51 na mimi sijawahi kumruhusu mgeni avute hata mlangoni. Nimesimama hapa nimeishika hiyo pakiti mkononi.

MzeeUmojaTwo
Wanangu, nimewasoma kwa utulivu. Mimi nimelea watoto watano kwa stovu ya mafuta ya taa Umoja tangu nyumba zina rangi yake ya kwanza. Ukuta juu ya stovu ulikuwa mweusi kama sufuria. Watoto wote wamekua, wawili ni askari, mmoja anakimbia mbio ndefu. Hizi jeni zenu zinabagua? Mbona za kwetu hazikuguswa?

MaabaraNdogo
Mzee wetu, heshima. Swali lako ni zuri kuliko unavyodhani, kwa sababu jibu ni ndiyo, zinabagua.

Kuna jeni inaitwa GSTM1. Inatengeneza kimeng'enya kinachofagia takataka za moshi kabla hazijashika DNA. Wapo watu ambao hawana jeni hiyo kabisa, wamezaliwa bila, na wanaishi maisha yao bila kujua. Kwa Wazungu ni karibu nusu yao. Weka ndugu wawili kwenye chumba kimoja chenye moshi, mmoja anayo na mwingine hana, hawataumia sawa. Fomaldehaidi nayo ina mfagiaji wake, ADH5. Pengine watoto wako walirithi ufagio mzuri kutoka kwa mama yao.

MzeeUmojaTwo
Kutoka kwa baba yao pia, andika hivyo.

Lakini niseme ukweli kwa vile mmeniheshimu. Mama yao kifua kinabana tangu mwaka 2009. Yeye ndiye aliyekuwa anainama juu ya ile stovu asubuhi na jioni. Sikuwahi kuviweka vitu hivi viwili pamoja mpaka nilipofika kwenye post ya huyu binti. Mafuta ya taa tuliacha ile 2018 yalipopandishwa ushuru, shilingi 18 kwa lita, kwa sababu ya bei, si kwa sababu ya kifua chake.

NesiZamuYaUsiku
Mzee, mpeleke mama apimwe nguvu ya mapafu. Ni kile kifaa cha kupuliza kwa nguvu, dakika chache tu. Wanawake wengi wanaambiwa ni umri au ni baridi na hawajawahi kupuliza hata mara moja. Mwambie daktari miaka ya stovu, asiulizwe sigara pekee.

MzeeUmojaTwo
Jumatatu nampeleka.

ShambaLaDirishani
Suluhisho rahisi jamani: mimea. Ulimi wa mama mkwe, ile yenye majani marefu ya kusimama, inavuta fomaldehaidi. NASA wenyewe walithibitisha mwaka 1989. Ninayo, nauza, naleta mpaka mlangoni.

HesabuKwanza
NASA waliweka mmea ndani ya sanduku dogo lililofungwa. Chumba chako si sanduku. Mwaka 2019 watafiti walikusanya majaribio ya aina hiyo wakapiga hesabu: kupata kazi sawa na ya hewa inayopita kawaida nyumbani unahitaji kati ya mimea 10 na 1,000 kwa kila mita ya mraba. Njiwa atalala wapi?

ShambaLaDirishani
Basi anunue mmoja kwa uzuri. Uzuri nao ni dawa.

MtaaniKwetu
Fomalini si ndiyo ile waliyokuwa wanaweka kwenye nyama za supamaketi mwaka 2019? Tangu hapo nakula maharagwe.

NiliachaUdaktari
Ile ilikuwa sodiamu metabaisalfaiti, kemikali nyingine kabisa. Fomalini hainyunyizwi ukaachiwa harufu nzuri, ungeisikia kutoka mlangoni. Rudi kwenye nyama ukitaka, ila maharagwe yasikuudhi.

GuniaLaMakaa
Bado nina neno. HesabuKwanza anapenda namba, ajibu hili: tukibadilisha majiko tu, watoto watapona?

HesabuKwanza
Si lazima. Malawi walijaribu. Waligawa majiko yenye feni yanayochoma kwa usafi zaidi, wakafuata watoto zaidi ya 10,000. Nimonia haikupungua kwa tofauti ya kuonekana, matokeo yalitangazwa mwisho wa 2016. Moshi ulikuwa bado unatoka kwa takataka zinazochomwa nje, kwa sigara, kwa majirani. Jiko moja safi katikati ya moshi wa mtaa mzima halitoshi.

BazuWaPipeline
Hapo sasa umefika kwetu. Huku Pipeline mnasema fungua dirisha. Mimi nikifungua langu nashika ukuta wa ploti ya pili kwa mkono, na jirani wa chini anakaanga, moshi wake unapanda kwenye ule uchochoro wa kati na kuingia kwangu wa kwanza. Nifungue nivute vyake au nifunge nivute vyangu? Siulizi kwa mzaha.

MaabaraNdogo
Bazu, nimekosa la kukuambia lililo zuri. Fungua saa jirani hapiki, alfajiri na usiku wa manane. Ukiwa na mlango unaotazama korido, fungua vyote viwili kwa wakati mmoja dakika kumi, hewa ipite. Dirisha peke yake bila mahali pa kutokea halisogezi hewa sana.

BazuWaPipeline
Saa tisa usiku basi. Keretaka atadhani nahama na kodi yake.

RandaNaMsasa
Nimerudi, nilikuwa kazini. Hayo ya pua na mapafu yamenigusa mimi kuliko mlivyojua. HesabuKwanza anasema gesi inakwama puani. Sawa. Lakini vumbi la MDF ni laini kama unga wa ngano grade ya kwanza. Jioni nikipenga kamasi ni ya kahawia, na nikikohoa asubuhi makohozi yana rangi hiyohiyo. Vumbi hilo limebeba gundi. Si linaweza kuisafirisha mpaka ndani ambako gesi peke yake haifiki?

HesabuKwanza
Inawezekana, na hoja yako inapunguza nguvu ya hoja yangu. Na vumbi la mbao lenyewe, hata bila gundi, liko kundi la kwanza kwa saratani ya pua. Mkuu, unavaa nini usoni?

RandaNaMsasa
Kitambaa. Wakati mwingine fulana.

NesiZamuYaUsiku
Kitambaa kinazuia chembe kubwa, hizo laini zinapita. Tafuta barakoa ya N95, na kwa gesi yenyewe ni ile yenye kichujio kilichoandikwa kuwa ni cha fomaldehaidi. Msumeno uwekwe nje upepo ukitoka mgongoni mwako.

RandaNaMsasa
Nina vijana wanne kwangu, mdogo ana miaka 19. Nimewanunulia wao kwanza.

NjiwaWaZimma
Wadau, nimerudi baada ya siku kumi na mbili.

Nilivuta kabati kama RandaNaMsasa alivyosema. Nyuma bodi iko uchi yote, kahawia, na kwenye kingo za chini kidole kinatoka na unga. Nilimpigia fundi aliyeniuzia, akasema hakuna mtu anayefunga mgongo. Nikanunua rangi ya mafuta na brashi, tukaburuta kabati mpaka korido na mlinzi, nikapaka nyuma, chini, na kila tundu. Keretaka alilalamika njia imezibwa. Nilimwachia alalamike siku mbili, kabati likabaki nje milango wazi likikauka. Dawa ya mbu niliitupa usiku uleule wa sigara 51, nimefunga neti.

Kliniki walimsikiliza kifua, wakasema hakuna maji, njia ya hewa imekasirika kidogo, wakampa dawa ya kuvuta kwa kile kikopo cha plastiki. Usiku tano zilizopita amekohoa mara moja tu.

MaabaraNdogo
Nimefurahi kweli. Na swali lako la kwanza lilikuwa jeni zinarudi au hazirudi. Walipowapima panya puani baadaye, sehemu ya mabadiliko ya maikroRNA ilipungua baada ya kupumzishwa wiki moja bila gesi. Sehemu, si yote.

HesabuKwanza
Njiwa, swali la kuudhi kidogo. Umepaka kabati, umetupa koili, umeanza dawa, na baridi nayo imepungua wiki hii. Ni lipi limemponya?

NjiwaWaZimma
Sijui, na sitarudisha hata moja ili nijue.

RandaNaMsasa
Usirudishe. Ila kabla hujalisukuma ukutani, piga picha pale chini ya mlango wa katikati, kwa ndani, uone kama kuna muhuri wowote kwenye bodi. Nataka kujua zilitoka kwa muuzaji gani, kwa sababu nina bandali mbili hapa zinazoliza macho na sijazikata bado.

NjiwaWaZimma
Hakuna muhuri. Kuna namba ya simu ya mtu imeandikwa kwa penseli na neno "haraka".